Bei Tano za Furushi Moja

Inspekta alipoingia kwenye ua wa maktaba, Mzee Gundi alikuwa ameshapoteza meno mawili na alikuwa njiani kupoteza jicho. Walinzi watatu na karani wa mapokezi walikuwa wamemlaza kando ya ngazi, wanampiga kwa zamu, bila hasira kubwa, kama watu waliopewa kazi ya kutwanga. Mmoja alikuwa na kirungu. Karani, mtu mzima mwenye tai na miwani, alitumia kiatu.

Inspekta hakupaza sauti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, goti la kushoto bovu, na kelele hazikuwa fani yake. Alimtazama tu Sajini. Sajini, ambaye huingia kwenye gari la polisi ubavu ubavu, alipiga hatua nne, akamkamata mwenye kirungu kwa ukosi, akamkamata na jirani yake, akawagonganisha vichwa. Mlio ulifika barabarani. Mlinzi wa tatu akakumbuka ghafla kwamba ana kazi kwingine.

"Ndiye muuaji huyo, afande!" karani alisema akihema. "Tumemkuta anatoka ghalani, mikono yote damu!"

"Na kiatu chako kina nini?"

Karani akatazama chini. Akarudi nyuma hatua moja, kana kwamba kiatu si chake.

"Geti lifungwe," Inspekta aliwaambia walinzi. "Asitoke mtu wala gari. Atakayetoka, nitajua nani alimfungulia."

Mzee Gundi alikuwa amejalidi vitabu vya maktaba hiyo ya chuo kikuu kwa miaka thelathini na mmoja. Gundi ilimwingia kwenye kucha isitoke tena, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za mshahara tu. Inspekta alimwinua, akamkalisha kwenye ngazi, akampa leso.

"Baba, niambie kwa kifupi. Ulikuta nini huko chini?"

"Miguu," alisema Mzee Gundi, na damu ikamchuruzika kidevuni. "Nilikuta miguu yake imetokeza. Nikaivuta. Mwanangu, nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikidhani nikivuta atatoka."

*

Ghala la majarida lilikuwa chini ya ardhi, ngazi kumi na saba, chini ya taa za mirija zilizonguruma kama nzi kwenye chupa. Majarida ya zamani yalikaa kwenye rafu ndefu za chuma zenye magurudumu, zilizobanana juu ya reli. Ukitaka kupita kati ya rafu mbili unazungusha usukani ulio ubavuni, rafu inasogea, njia inafunguka. Ukizungusha kinyume, njia inafungika.

Mtu alikuwa amezungusha kinyume.

Marehemu alikuwa mkutubi wa majarida. Watu wote chuoni walimwita Faharasa, kwa sababu ukimtajia makala yoyote alikupa juzuu na ukurasa bila kufungua kitu. Sasa alikuwa amesimama kati ya rafu mbili bila kusimama. Chuma kilimshikilia kifuani, miguu imelegea na kutokeza nje ya rafu, kichwa kimeangukia bega, ulimi umeumwa karibu kukatika. Kucha zake za mkono wa kulia zilikuwa zimebaki kwenye migongo ya vitabu alivyokwangua.

Daktari wa polisi aliingiza tochi kwenye mwanya. "Mbavu zote za kushoto. Chache za kulia. Ilikuwa kati ya saa saba na saa saba na nusu. Lakini hakufa papo hapo, afande. Dakika nne, pengine tano. Alikuwa na pumzi ya kutosha kupiga kelele mwanzoni."

"Asiguse mtu usukani huu mpaka mtaalamu wa alama za vidole aje," Inspekta alisema. "Yuko njiani, atafika saa kumi. Atabaki hivyo alivyo."

Sajini alitazama saa yake. "Saa mbili nzima, afande?"

"Yeye hana haraka tena."

Alienda kwenye usukani wa rafu ya jirani, akaujaribu. Kila usukani ulikuwa na pini nene ya chuma iliyoning'inia kwa mnyororo: ukiingia kati, unaichomeka, usukani haugeuki hata ukiukalia. Pini ya rafu ya Faharasa haikuwepo. Mnyororo ulikuwa umekatika. Alitafuta kwa kunyata, goti likimlalamikia, akaiona pini hatua sita mbali, chini ya bomba la maji.

"Aliichomeka mwenyewe alipoingia," alisema. "Mtu wa kazi hii haingii humu bila kuichomeka. Mwingine akaing'oa akaitupa. Sasa hesabu na mimi." Alizungusha usukani wa jirani. "Mizunguko saba, rafu inakuja kama mlango. Wa nane mgumu. Baada ya hapo lazima uegemee kwa kifua. Huyu hakuteleza mkono, Sajini. Alizungusha, akasimama akasikiliza, akazungusha tena."

Kwenye chuma, usawa wa kifua cha mtu mrefu, kulikuwa na vumbi jekundu lililofutwa na nguo. Vumbi hilo hilo lilitapakaa sakafuni. Inspekta alilisugua kati ya vidole; lilikuwa laini kama unga wa matofali. Akamwita Mzee Gundi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na leso mdomoni, mgongo ameugeuzia rafu.

"Hiyo ni ngozi inayokufa, mwanangu. Jalada la ngozi likizeeka sana linageuka unga mwekundu. Humu ghalani rafu hii peke yake ndiyo yenye ngozi. Ukiiegemea, nguo haitakati tena. Mke wangu aligoma kunifulia mwaka wa pili wa ndoa."

"Leo kuna mtu mwingine anayehitaji kufuliwa," Inspekta alisema.

Mkono wa Sajini haukupita kwenye mwanya. Wa Inspekta ulipita hadi begani. Shavu lake likiwa limegusa chuma, alipapasa mfuko wa shati la marehemu, akatoa kikaratasi kilicholowa pembeni. Kilikuwa na tarakimu tano zimeandikwa kwa penseli, moja chini ya nyingine. Ya kwanza hadi ya nne zilikaribiana. Ya tano ilikuwa kubwa kuliko zote, karibu mara mbili na nusu, na imezungushiwa duara hadi penseli ikatoboa karatasi.

Hakukuwa na neno hata moja.

"Nani alikuwa na ugomvi naye?" alimwuliza karani walipopanda juu.

Karani hakuhitaji kufikiri. "Profesa wa figo. Juzi, kwenye kikao cha kamati ya maktaba, alimkaba kwa tai yake mwenyewe mbele ya watu kumi na wawili. Alimwambia, 'Nitakubana mpaka ukumbuke.'"

*

Profesa wa figo alikuwa na mabega ya mchukuzi wa mizigo, na ofisi yake ya hospitali ya chuo ilimbana. Aliposikia neno "polisi" alisema hana nafasi. Aliposikia "ghala" aliinuka. Aliposikia "umeua" akamrushia Sajini ngumi iliyompata sawasawa kwenye taya.

Sajini alitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni, akamgeuza Profesa, akamlaza kifudifudi juu ya meza kati ya mafaili na kielelezo cha figo cha plastiki. Figo lilianguka likapasuka vipande viwili.

"Tumalize salamu," Inspekta alisema, akavuta kiti. "Juzi ulimkaba. Kwa nini?"

"Alikata jarida langu!" Sauti ya Profesa ilitoka chini ya shavu lililobanwa. "Orodha yenye jina lake ililetwa kwetu sote. Majarida ya kuachwa mwaka huu. La kwanza kabisa ni la figo!"

"Ni jarida tu."

"Jarida tu!" Alijaribu kuinuka, Sajini akamrudisha. "Mama, sikiliza. Mwaka jana nilikuwa na mgonjwa, mwalimu wa shule, watoto wanne. Nikampa dawa mbili pamoja. Mwezi mmoja kabla, jarida lile lilikuwa limeandika kwamba dawa hizo mbili zinaua figo zikikutana. Lakini maktaba ilikuwa imechelewa kulipa, tumefungiwa. Nilikuja kuisoma makala ile wiki tatu baada ya kumzika. Unaelewa? Nilimwua kwa mikono hii na kalamu hii, na makala ipo, imeandikwa, inangoja nilipe!"

Sajini alilegeza mkono. Profesa aliketi, akajifuta pua. Koti lake lilikuwa jeupe mbele, mikononi, mabegani. Shati la ndani vilevile.

"Leo kati ya saa saba na saa saba na nusu ulikuwa wapi?"

"Kwenye mashine za kusafishia damu. Wagonjwa watano wamelala pale, waulize. Muuguzi pia yupo."

Muuguzi, mama mnene asiyetabasamu, alithibitisha kutoka mlangoni bila kuulizwa mara ya pili. "Alikuwa hapa toka saa sita. Amenifokea muda wote. Ningekuwa na shaka, ningesema kwa furaha."

Inspekta akamwekea Profesa kikaratasi mezani. "Tarakimu hizi ni nini?"

Alizitazama. "Sijui."

"Zaweza kuwa bei?"

"Bei ya majarida? Hakuna anayeijua, mama. Mimi ni mwanakamati, naoneshwa jumla ya bajeti tu. Mkataba wenyewe unakataza kuitaja. Wakala anatuuzia furushi: majarida mia nne kwa mpigo, chukua yote au acha yote. Nikitaka la figo lazima chuo kilipie na la utengenezaji wa barafu. Tunayosoma hayafiki sitini. Na kila mwaka bei inapanda, na ukiuliza wenzetu wanalipa ngapi, unaambiwa ni siri ya biashara."

Inspekta alikunja kikaratasi taratibu. "Ukinunua sukari ukahisi umepunjwa, unamwuliza jirani amenunua ngapi. Hapa mmekatazwa kumwuliza jirani." Akasimama. "Faharasa aliuliza. Aliuliza majirani wanne. Ya tano ni yenu."

Profesa akainama kuokota vipande vya figo la plastiki.

"Dawa ya taya unayo?" Inspekta alimwuliza. "Mpe Sajini. Umemwonea."

*

Karakana ya Mzee Gundi ilikuwa banda la matofali nyuma ya maktaba. Kulikuwa na meza ndefu, misharasi ya kutobolea ngozi imechomekwa kwenye ubao, makopo ya gundi, shinikizo la chuma la kukandamizia vitabu, na kando ya dirisha mashine ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima. Ukutani alikuwa amebandika barua ya kuachishwa kazi: mwisho wa mwezi, kwa kuwa bajeti ya kujalidi imefutwa.

"Baba," Inspekta alisema, "bei zile zilikuja kwa maandishi. Faharasa alikupa kitu."

Mzee alikaza leso mdomoni. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Umepigwa na hukusema. Sasa sema, mwenyewe ameshakufa."

"Aliniambia hata nikichinjwa." Mzee Gundi aliinuka, akalegeza shinikizo, akatoa juzuu nene kuukuu. "Jumatatu aliniletea karatasi. Akasema, 'Kaka, zishone ndani ya hili, uzi wa nta, wala usitumie gundi, gundi inabanduka.' Nikamcheka. Nikamwuliza, sasa tunajalidi barua? Akasema barua ikiwa peke yake inapotea. Ikiwa ndani ya kitabu, ni kitabu."

Katikati ya juzuu, kati ya makala za mwaka ambao Inspekta hakuwa amezaliwa, zilishonwa barua nne. Kila moja ilitoka kwa mkutubi wa chuo kingine. Furushi lile lile, wakala yule yule, mwaka ule ule, na bei. Barua ya tatu iliishia hivi: *Nimevunja mkataba kukuandikia haya. Wakijua, nimekwisha. Tafadhali itumie.*

Nyuma yake kulikuwa na orodha yenye mwandiko wa Faharasa: majarida hamsini na nane ya kubaki, yanunuliwe moja moja, furushi livunjwe. Inspekta alianza kushuka na kidole. Akasimama mstari wa kwanza.

"Sajini. Soma hapa."

"'Jarida la figo. Lisiguswe. Huyu ana wagonjwa.'" Sajini aliinua macho. "Lakini Profesa amesema lilikuwa la kwanza kukatwa."

"Kwenye orodha aliyoletewa yeye. Nani aliituma?"

Mzee Gundi alijibu bila kugeuka. "Barua zote za kamati hutoka kwa Mkurugenzi."

*

Mkurugenzi wa maktaba alikuwa mama wa makamo, nadhifu, mwenye ofisi ya ghorofa ya kwanza chini ya picha ya jengo siku ya kufunguliwa. Katika chumba cha kungojea alikuwa ameketi mtu mrefu mwenye suti ya kijivu, wakala wa majarida. Wafanyakazi walimwita Bwana Tabasamu na ilionekana kwa nini. Feni ilikuwa imeharibika, shingo yake inatiririka jasho, lakini koti lilifungwa vifungo vyote vitatu.

"Pole na kazi, mama," alisema. "Msiba mkubwa. Nami siwezi hata kutoka, geti limefungwa."

"Umewahi kuingia ghalani?"

"Mimi? Miaka kumi hapa, sijawahi. Nauza majarida ya kusomea kwenye kompyuta, mama. Karatasi zinanipigisha chafya."

Inspekta aliingia ofisini, akafunga mlango. Mkurugenzi alilia kidogo, kwa adabu. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na tisa, alisema. Walianza siku moja, meza moja. Ndiyo, alikuwa ofisini tangu saa sita mchana, peke yake, akiandaa mkataba mpya wa miaka mitano. Hakusikia lolote.

"Mkataba unasainiwa lini?"

"Leo saa kumi. Makamu Mkuu wa chuo anakuja. Nilitaka kuahirisha, lakini usiku wa leo bei ya zamani inakwisha." Alijifuta macho. "Watu wa nje hawajui, Inspekta. Bajeti haijasogea miaka sita, ada inapanda kila mwaka. Tuliacha kununua vitabu vipya. Tukaacha kujalidi. Tumebaki kuchagua kati ya majarida na taa. Na marehemu, Mungu amrehemu, alitaka tukate tu kiholela. Walimu walimchukia."

Inspekta alitikisa kichwa kwa huruma. Akainuka, akashika mlango, akageuka kama aliyekumbuka jambo dogo.

"Aa, kuna fundi wenu wa kujalidi. Anasema marehemu alimwachia karatasi fulani, ziko kwenye shinikizo. Sina mtu wa kuzichukua sasa hivi, na fundi nampeleka hospitali. Nitamtuma kijana wangu saa kumi na moja. Karakana inafungwa vizuri?"

"Inafungwa," alisema Mkurugenzi. Machozi yalikuwa yamekauka. "Ufunguo wa akiba ninao mimi."

*

Walingoja dakika kumi na mbili. Sajini alisimama nje nyuma ya banda; Inspekta alikaa ndani, nyuma ya rundo la makaratasi, goti limenyooshwa.

Ufunguo uligeuka. Bwana Tabasamu aliingia, akafunga mlango kwa ndani, akaacha ufunguo kwenye kitasa. Bila tabasamu uso wake ulikuwa mdogo. Alienda moja kwa moja kwenye shinikizo, akalegeza, akatoa juzuu, akaanza kung'oa kurasa. Hazikung'oka. Uzi wa nta ulishika. Alitukana, akachukua kisu cha kukatia ngozi kutoka mezani.

"Kiweke chini," Inspekta alisema.

Hakukiweka. Alimrukia. Inspekta alikuwa ameshachomoa bastola, lakini mtu yule alikuwa na mikono mirefu na hofu ndefu zaidi; kisu kilimpasua mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, bastola ikaruka ikaingia chini ya meza. Akamsukuma. Kisogo cha Inspekta kiligonga shinikizo, akajiuma ulimi, na dunia ikawa nyeupe kwa kitambo. Alisikia Sajini akipiga mlango kwa bega, mara moja, mara mbili. Ufunguo ulikuwa ndani. Mlango ulikuwa wa mbao ngumu za zamani.

Kisu kilishuka tena. Alikwepa, kikachoma kopo la gundi. Alimshika koti, akavuta kwa uzito wake wote, mdogo kama ulivyokuwa. Vifungo vitatu vikaruka. Chini ya koti, shati jeupe lilikuwa na mstari mwekundu uliokatiza kifua toka bega hadi bega, sawasawa kama uliopigwa kwa rula.

"Karatasi zinakupigisha chafya," Inspekta alisema, akamtemea damu usoni.

Mtu yule alimpiga ngumi ya tumbo, akamsukuma hadi dirishani, akamkandamiza juu ya meza ya mashine ya kukatia, mkono mmoja shingoni, mwingine ukijishikiza mezani, vidole vimetandazwa chini ya kisu kirefu. Inspekta hakuwa na pumzi ya kuonya. Mkono wake mzima ulipapasa nyuma, ukapata mpini. Akauvuta.

Mashine ile ilitengenezwa ikate karatasi mia tatu kwa mara moja. Vidole viwili haikuvihisi.

Kelele aliyopiga wakala ilimaliza kazi ya Sajini: mlango ulitoka na bawaba zake. Sajini aliingia juu yake, akamkuta wakala amepiga magoti anatafuta kitu sakafuni kwa mkono uliobaki, na Inspekta ameketi chini ya dirisha, akijifunga mkono kwa kitambaa cha kujalidia.

"Umechelewa," alimwambia.

"Mlango, afande."

"Mfunge mkono kwanza, asituishie damu. Kisha ndiyo umfunge pingu."

Wakala aliongea akifungwa, kama mtu anayetapika. Hakukusudia. Mkurugenzi alimwambia Faharasa ana barua, akamtishe. Pesa zilizozidi kwenye bei ya chuo waligawana miaka yote ile, nusu kwa nusu. "Nikang'oa pini. Nikazungusha kidogo tu, kumwogopesha. Nikamwuliza, barua ziko wapi? Akasema, 'Nimezijalidi.' Nikadhani ananidhihaki! Nani anajalidi barua? Nikazungusha tena."

*

Profesa ndiye aliyeshona mkono wa Inspekta, karakanani hapo hapo, kwa kuwa ndiye daktari aliyekuwa karibu. Alishona akiwa kimya, nyuzi ishirini na mbili. Alipomaliza, Sajini alimfunulia orodha bila kusema neno. Profesa alisoma mstari wa kwanza, akakaa juu ya kopo la gundi, akaweka mikono yake miwili mikubwa magotini akaitazama.

Saa kumi na dakika tano Inspekta alipanda ghorofa ya kwanza. Makamu Mkuu wa chuo alikuwa kwenye kiti cha wageni, mwanasheria pembeni, mkataba mezani. Mkurugenzi alikuwa ameshika kalamu. Alimwona Inspekta, bandeji, damu shingoni, Sajini nyuma yake, na hakuiweka chini.

"Bwana Tabasamu hataweza kusaini," Inspekta alisema. "Ameumia mkono. Na ametusimulia."

"Amesema nini?" Sauti yake haikutetemeka. "Mtu mwenye damu mikononi atasema lolote. Mimi nilikuwa hapa, Inspekta. Nilikwambia. Sikujua kinachotokea. Ningejuaje? Kuta hizi ni za mawe, sikusikia kitu."

Makamu Mkuu alianza kusema jambo la heshima. Hakulimaliza.

Mlio ulitoka nyuma ya kabati la mafaili. Mkwaruzo wa chuma juu ya reli, polepole, kama mtu anasaga meno. Kisha sauti ya mwanamume, wazi kabisa, kana kwamba yumo chumbani: "Taratibu. Taratibu, mkono wake umeshika hapa. Zungusha tena kidogo."

Mtaalamu alikuwa amefika. Walikuwa wanamtoa.

Sajini alivuta kabati kwa mkono mmoja. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na tundu la hewa lenye wavu, pana kama sinia, linaloshuka moja kwa moja hadi ghalani. Kutoka humo ilisikika pumzi ya watu wanaobeba kitu kizito, na mtu mmoja akisema, "Mungu wangu."

Kalamu ilikuwa imemdondoka Mkurugenzi, imeacha mstari wa wino kwenye ukurasa wa saini.

"Alipiga kelele gani?" Inspekta aliuliza.

Mwanamke yule alitazama tundu. Alionekana mzee ghafla.

"Aliniita," alisema. "Alijua nipo. Aliniita dada. Toka tulipoanza kazi alikuwa akiniita dada." Alilamba midomo. "Mara tatu."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nilifungulia redio."

Makamu Mkuu aligeuza uso dirishani. Mkurugenzi alinyoosha mikono mbele, viganja juu, kama anayepokea kitu. Inspekta alitoa pingu, akajaribu kuzifungua kwa mkono mmoja, zikamshinda, akampa Sajini. Sajini alizifunga, akazikaza jino moja zaidi ya inavyoruhusiwa. Siku nyingine Inspekta angemkemea. Alichukua mkataba mezani, akauweka kwapani, akatangulia kushuka ngazi.